Mafuta Ni ya Nani, na Mkataba Ni wa Nani?



Katika kitabu cha kwanza cha Wafalme tumesimuliwa habari za Nabothi, mwenye shamba la mizabibu lililopakana na jumba la mfalme Ahabu. Mfalme alilitamani shamba lile, naye Nabothi akakataa kuliachilia kwa kuwa lilikuwa urithi wa baba zake. Wengi wetu tunakumbuka jinsi Nabothi alivyouawa kwa mawe. Wachache wanakumbuka kile kilichoyatangulia mawe, nacho kilikuwa barua. Jezebeli aliandika nyaraka kwa jina la mfalme, akazipiga muhuri wa mfalme, akawapelekea wazee wa mji. Nao wazee wakatenda kama walivyoagizwa, wala hakuna aliyethubutu kuuliza. Kabla jiwe la kwanza halijarushwa, shamba lilikuwa limekwisha kwenda kwa karatasi.

Nimekuwa wakili kwa muda wa kutosha kujua kwamba mali ya mnyonge haichukuliwi kwa upanga peke yake. Aghalabu huchukuliwa kwa waraka wenye muhuri ambao mwenyewe hakuusoma, hakusomewa, wala hakujua kuwa upo. Ndiyo sababu leo naomba ruhusa yenu niseme juu ya mafuta na gesi yanayotafutwa chini ya ardhi yetu. Sitasema juu ya utajiri ambao tumeahidiwa, kwa maana wa kuuimba ni wengi. Nitasema juu ya karatasi.

Neno langu ni moja. Mwezi wa Desemba mwaka 1991 tulikiondoa chama kimoja katika Katiba. Chini ya ardhi hatujakiondoa. Huko chini mtu mmoja mwenye kalamu na kampuni yenye fedha wangali wakiafikiana kwa niaba ya mamilioni, na mamilioni wangali wakisikia habari hizo redioni wino ulipokwisha kukauka.

MIAMBA HAINA CHAMA

Yafaa kwanza tuelewe kinachotafutwa na mahali kinapotafutwa. Mafuta hayapatikani popote mtu atakapochimba. Yanapatikana katika mabonde ya mashapo, yaani sehemu ambazo ardhi ilibonyea zamani za kale na maziwa, mito au bahari zikaijaza tope, mchanga na mabaki ya viumbe, tabaka juu ya tabaka, kwa muda wa mamilioni ya miaka. Tope lenye mabaki hayo likizikwa kwa kina cha kutosha, joto la ardhi huyapika mabaki na kuyageuza kuwa mafuta au gesi. Mafuta nayo hupanda taratibu, yakaingia katika mchanga wenye vinyweleo, yakazuiwa hapo na tabaka gumu lililo juu kama sufuria iliyofunikwa.

Kenya ina mabonde manne ya namna hii. La kwanza ni la Lamu, ambalo laanzia nchi kavu ya pwani na kuendelea chini ya bahari. La pili ni la Anza, linalokatiza nyika za kaskazini na mashariki. La tatu ni la Mandera. La nne ni mfululizo wa mabonde madogo katika Bonde la Ufa, na ndani yake limo bonde la Lokichar huko Turkana.

Hebu itazame ramani hiyo kwa macho ya raia. Lamu, Garissa, Marsabit, Mandera, Turkana. Je, hizi si zile sehemu ambazo serikali ya mkoloni ilizifunga, na serikali zilizoifuata zikazisahau? Mwaka 1965 serikali ilitoa Waraka wa Bunge Nambari 10, uliopendekeza kwamba fedha za maendeleo zipelekwe kwanza mahali penye ardhi nzuri na mvua, ambako zingezaa haraka. Kwa lugha nyepesi, mwenye nacho aliongezewa, na mfugaji wa nyika akaambiwa asubiri. Alisubiri barabara, akasubiri shule, akasubiri hospitali. Kumbe chini ya miguu yake, katika ardhi iliyohesabiwa kuwa haina thamani, palikuwa na kitu ambacho wakubwa wangekuja kukitafuta kwa helikopta! Miamba haikuangalia kabila wala chama ilipoyahifadhi mafuta yale. Ubaguzi ni kazi ya wanadamu.

SHERIA ILIYOZALIWA KATIKA UKIMYA

Utafutaji wenyewe si wa jana. Kampuni za kigeni zilianza kupima bonde la Lamu katika miaka ya 1950, na visima vya kwanza vikachimbwa huko mnamo mwaka 1960. Lakini sheria iliyotawala mafuta yetu kwa muda mrefu ilitungwa mwaka 1984. Naomba tuutafakari mwaka huo. Mwezi wa Juni mwaka 1982 Katiba ilikuwa imebadilishwa, na Kenya ikawa nchi ya chama kimoja kwa mujibu wa sheria. Mwaka 1983 Bunge lilichaguliwa ambalo ndani yake hapakuwa na mpinzani hata mmoja. Bunge hilo ndilo lililopitisha Sheria ya Utafutaji na Uzalishaji wa Mafuta, iliyosema kwamba mafuta yote yaliyo ardhini na chini ya bahari yetu yamo mikononi mwa Serikali, na kwamba Waziri ana uwezo wa kufunga mikataba kwa niaba yake.

Haikusema kwamba mkataba upelekwe Bungeni. Haikusema kwamba wenyeji waulizwe. Wala haikusema kwamba raia anaweza kuusoma. Mikataba ya aina hii aghalabu huwa na kifungu cha siri kinachowafunga midomo pande zote mbili. Na katika pande hizo mbili, wewe na mimi hatumo.

Wazee wetu na makanisa yetu walisimama kishujaa mwaka 1986 na kuendelea wakaikemea kura ya mlolongo, na historia imewahukumu kuwa walikuwa na haki. Tazameni basi kinyume kilichopo. Kura ya mlolongo ilikuwa ya wazi palipotakiwa siri. Mkataba wa mafuta ulikuwa wa siri palipotakiwa uwazi. Yote mawili yalitoka katika jungu moja, nalo ni imani kwamba mwananchi ni mtu wa kupangwa na kusimamiwa, wala si mtu wa kuulizwa.

Sheria ile ya 1984 ilidumu miaka 35. Ilishuhudia Kifungu cha 2A kikifutwa, ikaona uchaguzi wa 1992, wa 1997 na wa 2002, ikaona Katiba mpya ya Agosti 2010, na bado ikawa hai. Haikuondolewa mpaka Machi 2019. Kwa hiyo anayedhani kwamba mageuzi yalikamilika siku tuliporuhusiwa kuunda vyama vingi, na ahesabu miaka hiyo upya.

TANGU LOPEROT HADI NGAMIA

Mwaka 1992, wakati sisi tulipokuwa tukishughulika na kadi za kura, kampuni ya Shell ilichimba kisima mahali paitwapo Loperot, katika bonde la Lokichar. Zilionekana dalili za mafuta. Kisima kikaachwa, wageni wakaenda zao, na Turkana ikarudi katika ukame wake. Miaka 20 ilipita. Tarehe 26 Machi 2012 Rais Mwai Kibaki akalitangazia taifa kwamba kampuni ya Tullow, ikishirikiana na Africa Oil, imepata mafuta katika kisima cha Ngamia-1, kitalu nambari 10BB, katika bonde lile lile.

Taifa lilishangilia. Lakini fahamuni kwamba mikataba ya vitalu vya Lokichar ilikuwa imekwisha kutiwa saini kabla ya Katiba ya 2010. Hili si jambo dogo. Kifungu cha 71 cha Katiba kinataka kila makubaliano ya kumpa mtu haki ya kutumia maliasili ya Kenya yaidhinishwe na Bunge, ikiwa yamefungwa baada ya Katiba hiyo kuanza kutumika. Yaliyofungwa kabla yake hayakufikiwa na sharti hilo. Hivyo ugunduzi mkubwa kuliko wote katika historia yetu ya mafuta uliangukia mikononi mwa karatasi za zamani.

Matunda ya karatasi hizo tumeyaona. Mwezi wa Oktoba 2013 wananchi wa Turkana waliandamana wakidai kazi na zabuni, na kampuni ikasimamisha shughuli kwa siku kadhaa. Mwezi wa Juni 2018 Rais Uhuru Kenyatta alizindua usafirishaji wa mafuta kwa malori kutoka Lokichar kwenda Mombasa. Kabla mwezi haujaisha wenyeji walikuwa wameifunga barabara, wakilalamika kwamba wao na mifugo yao wanashambuliwa na majangili ilhali mafuta yanalindwa. Tarehe 26 Agosti 2019 shehena ya kwanza, takribani mapipa 200,000, iliondoka Mombasa, nayo iliuzwa kwa kiasi cha dola milioni 12, yaani kama shilingi bilioni 1.2 za wakati huo. Vigelegele vilipigwa. Je, ni mchungaji gani wa mbuzi pale Nakukulas aliyewekewa mbele yake hesabu ya shehena ile: gharama ya malori, gharama ya kuyahifadhi mafuta, na kilichosalia baada ya yote? Mali bila daftari hupotea bila habari.

Baadaye kampuni zenyewe zikaanza kupokezana. Mwezi wa Mei 2023 Africa Oil na TotalEnergies zilijitoa. Mwaka 2025 Tullow nayo iliuza mali yake yote ya Kenya kwa kampuni ya Gulf Energy kwa bei isiyopungua dola milioni 120. Simtuhumu muuzaji wala mnunuzi, kwa kuwa sina ushahidi wa kosa lolote, na wakili asiye na ushahidi yafaa afunge mdomo. Nasema hili tu: kampuni ina mlango wa kutokea. Ikichoka huuza, ikipata hasara huondoka, na wenye hisa hutafuta faida kwingine. Nabothi hana mlango wa kutokea. Mfugaji wa Lokichar atakuwa pale mafuta yakitoka, atakuwa pale yakikauka, na atakuwa pale siku ambayo tope la visima litahitaji mtu wa kulisafisha. Aliye na la kupoteza kuliko wote ndiye asiye na nakala ya mkataba.

PIPA MOJA KATIKA MIA

Wapo watakaoniambia, “Wakili, umelala. Sheria ya 2019 imekwisha kugawa mapato: asilimia 75 kwa serikali ya taifa, 20 kwa kaunti na 5 kwa jamii ya wenyeji. Mnataka nini tena?”

Nawashukuru kwa kunikumbusha, kwa maana hapa ndipo wengi hudanganyika. Asilimia 5 ya kitu gani? Si ya mafuta yatokayo kisimani. Ni asilimia 5 ya fungu la serikali, na fungu la serikali halijulikani mpaka kwanza mkataba usomwe.

Mkataba wa ugawanaji wa mafuta hufanya kazi hivi. Mafuta yakitoka, kampuni hutenga kwanza sehemu ya kujirudishia gharama zake zote za kutafuta, kuchimba na kujenga. Kinachobaki ndicho kiitwacho faida, na faida hiyo ndiyo inayogawanywa baina ya kampuni na serikali. Natoa mfano wa kufundishia tu, si tarakimu za mkataba wowote. Tuseme yametoka mapipa 100, na mkataba unairuhusu kampuni kuchukua 60 kwa ajili ya gharama. Yamebaki 40. Tuseme yanagawanywa nusu kwa nusu. Serikali imepata 20. Katika hayo 20, kaunti inapata asilimia 20, yaani mapipa 4. Jamii inapata asilimia 5, yaani pipa 1. Naam, pipa moja katika mia! Na kampuni? Imebaki na 80, sitini za gharama na ishirini za faida.

Sisemi kwamba mgawanyo huo ni wa dhuluma. Aliyetumia fedha zake kuchimba visima, vingine vikawa vikavu, ana haki ya kurudishiwa. Lakini sasa mnaona penye ufunguo. Ufunguo haupo katika ile asilimia 5 ambayo wanasiasa waliigombania kwa miaka mingi, huyu akitaka 10 na yule akitaka 5. Upo katika lile fungu la 60. Nani alizihesabu gharama? Je, kila hoteli, kila ndege, kila mshahara wa mtaalamu wa kigeni umo humo, na nani aliyaona malipo hayo? Katika mfano wetu, gharama zikiwa mapipa 50 badala ya 60, serikali ingepata 25, na fungu la kaunti na la jamii lingeongezeka kwa robo nzima. Kalamu ya mhasibu inaweza kumnyang'anya mwananchi zaidi ya bunduki ya jangili, na wala hakuna atakayesikia mlio.

Ndiyo maana nasema kwamba kugawiwa asilimia bila kuonyeshwa mkataba ni sawa na kuahidiwa paja la ng'ombe bila kuambiwa ng'ombe ana miguu mingapi.

AMANA NA MWENYE AMANA

Sasa tuseme kisheria. Kifungu cha 62 cha Katiba kinasema kwamba madini na mafuta yaliyo ardhini ni sehemu ya ardhi ya umma, na kwamba serikali ya taifa inaishikilia ardhi hiyo kwa amana kwa ajili ya watu wa Kenya. Neno lenye uzito hapo ni amana. Serikali si mwenye mafuta. Serikali ni mdhamini aliyekabidhiwa mali ya mwingine.

Kila Mkristo na kila Mwislamu anajua amana ni nini, na kila mwanafunzi wa sheria hufundishwa kwamba mdhamini ana wajibu wa kumtolea hesabu mwenye mali. Ikiwa marehemu ameacha watoto, na mjomba akakabidhiwa shamba lao, mjomba huyo hawezi kulikodisha shamba kwa mgeni kwa miaka mingi kisha awaambie watoto, waliokwisha kuwa watu wazima, kwamba masharti ya kukodisha ni siri yake na mgeni. Mahakama ingemwita siku hiyo hiyo. Mbona basi lililo haramu kwa mjomba liwe halali kwa Waziri?

Miaka kadhaa iliyopita nilikwenda katika ofisi moja ya umma nikiwa na barua ya kuomba nakala ya mkataba mmoja wa kitalu. Karani aliipokea kwa heshima, akaisoma, kisha akaniuliza, “Wakili, wewe unamwakilisha nani katika jambo hili?” Nikamjibu kwamba namwakilisha mwenye mali. Akatabasamu kwa upole, akasema, “Mwenye mali hajatuma barua.” Yangu mpaka leo haijajibiwa. Yule karani simlaumu, kwa maana alisema ukweli bila kukusudia. Mwenye mali hajatuma barua! Wananchi hawajadai, na mdhamini asiyedaiwa hesabu huzoea kuiita mali ya watu yake.

Jumapili moja huko Lodwar, baada ya ibada, mama mmoja mzee alinishika mkono akaniuliza, “Mwanangu, hiyo karatasi ya mafuta imeandikwa kwa lugha gani?” Nikamwambia ni Kiingereza. Akaniuliza tena, “Na sisi tulipokubali, tulikubali kwa lugha gani?” Nimesimama mbele ya mahakimu wengi na sikukosa jawabu. Siku hiyo nilikosa.

MAJIBU KWA WATETEZI WA SIRI

Najua hoja zao, na nitazijibu moja moja.

Husema kwamba mikataba ikiwekwa wazi wawekezaji watakimbia. La hasha! Nchini Ghana mikataba ya eneo la Jubilee, ambako Tullow hiyo hiyo inachimba, imekuwa wazi kwa umma kwa miaka mingi, na Ghana ina daftari la umma la mikataba ya mafuta. Je, kampuni ilikimbia? Haikukimbia. Kilichosimamisha kazi Turkana mwaka 2013 na malori mwaka 2018 si karatasi iliyochapishwa. Ni hasira ya watu ambao hawakuambiwa.

Husema tena kwamba mafuta ni ya Wakenya wote, wala si ya Waturkana peke yao. Ni kweli kabisa, nami nimeitaja Katiba inayosema hivyo. Lakini hoja hiyo inawageukia wenyewe. Ikiwa mafuta ni ya Wakenya wote, basi mwalimu wa Kakamega, mvuvi wa Faza na mchuuzi wa Gikomba wote wana haki ya kuusoma mkataba.

Husema pia kwamba mafuta hayajaanza kutoka kwa wingi, na sisi tunamgombania ndama aliye tumboni. Mafuta ya Lokichar yana nta, huganda yakipoa, na bomba la kuyafikisha Lamu litapita zaidi ya kilomita 800. Kwa hiyo safari ni ndefu. Lakini samaki mkunje angali mbichi. Masharti ya mkataba huwekwa kabla ya kisima, wala si baada yake. Oloibiri, kijiji cha Nigeria ambako mafuta yalipatikana mwaka 1956, kilishangilia kama tulivyoshangilia sisi. Na karibu miaka 40 baadaye, Novemba 1995, Ken Saro-Wiwa na wenzake wanane walinyongwa kwa sababu ya kudai haki ya Waogoni waliochafuliwa ardhi yao. Karibu nasi zaidi, mwaka 2013 watu wa Mtwara walipoteza maisha katika ghasia za kupinga gesi yao kupelekwa Dar es Salaam kwa bomba. Waliochelewa kuulizwa ni hao.

Mwisho husema, kwa kunong'ona, kwamba hata viongozi wa huko kaskazini wenyewe ni walafi, na fedha za kaunti zitaliwa. Kwa hili sitabishana. Kikulacho ki nguoni mwako. Ulafi hauna anwani moja ya Nairobi. Tumeuona katika kaunti, tumeuona katika kamati za vijiji, na tukiwa wakweli tumeuona hata ndani ya makanisa. Lakini dawa ya mwizi wa ndani si kumfichia hesabu mwenye nyumba. Uwazi ninaoutaka kwa Waziri nautaka kwa gavana, na nautaka kwa bodi ya amana itakayoshika fungu la jamii.

TUNADAI NINI?

Kuna watakaokata tamaa wakisema kwamba hayo ni maji marefu. Wakumbuke Lamu. Tarehe 26 Juni 2019 Baraza la Rufaa la Mazingira lilifuta leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe uliopangwa kujengwa huko, na sababu mojawapo kubwa ni kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Waliokwenda mbele ya baraza hilo walikuwa wavuvi, akina mama na vijana wa kawaida. Hawakuwa na helikopta. Walikuwa na maswali na walikuwa na sheria.

Sheria ipo nasi pia. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Sheria ya 2019 inataka uwepo utaratibu wa uwazi, pamoja na kuchapishwa kwa mikataba ya mafuta, na inataka mpango wa kuendeleza kila eneo la mafuta uidhinishwe na Bunge. Haki iliyoandikwa, isipodaiwa, ni kama dawa iliyowekwa kabatini. Kwa hiyo tudai haya:

Kwanza, mikataba yote ya vitalu vyote, katika mabonde yote manne, ya zamani na mipya, pamoja na marekebisho yake na makubaliano ya kuuziana haki, ichapishwe pasipo kufichwa ukurasa.

Pili, masharti makuu ya kila mkataba na ya kila mpango wa uendelezaji yaandikwe kwa Kiswahili, ambacho ni lugha ya taifa, na kwa lugha ya wenyeji, yasomwe barazani kabla Bunge halijainua mkono. Kuidhinisha kitu ambacho mwenye mali hakukisikia ni kuwa kama wale wazee wa mji wa Nabothi.

Tatu, gharama zote ambazo kampuni yoyote inadai kurudishiwa zikaguliwe na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, na taarifa yake itolewe kwa umma.

Nne, bodi ya amana ya jamii isiteuliwe kwenye meza ya gavana. Ichaguliwe na wenyeji, wafugaji na akina mama wakiwemo, na kila mwaka hesabu yake isomwe hadharani.

Na ninyi ndugu mlio makanisani, kazi yenu si kuombea mvua na amani pekee. Kila parokia iliyo juu ya mabonde haya, kuanzia Lodwar hadi Lamu, iandike barua yake ya kudai nakala kwa mujibu wa Kifungu cha 35, na barua hiyo isomwe ibadani siku itakapopelekwa. Isipojibiwa, isomwe tena Jumapili ifuatayo. Wanaharakati walio mijini wachukue kazi ya kufasiri na ya kwenda mahakamani pale majibu yatakapokosekana. Mimi na wenzangu wachache tuko tayari kusimama bila malipo. Tusingoje mpaka barabara ifungwe na damu imwagike ndipo tufike na mabango.

Yule karani aliniambia kwamba mwenye mali hajatuma barua. Basi na tuitume. Ifike ofisini kwake kutoka Lokichar, itoke Garissa, itoke Mandera, itoke Pate, itoke Kibera, mpaka meza yake ijae. Na kila moja imwambie ni nani anayewakilishwa.